Shokapu mpya ziko ndani, fundi anataka kubana springi kwa waya

SWALI

Wataalamu wa safu hii, habari za kazi.

Nakaa Gungu, hapa Kigoma. Nina Corolla 110 ya mwaka 1999, injini ya 5A. Kila wiki napita Simbo kuchukua mawese, na mara mbili kwa mwezi nafika hadi Ilagala. Mzigo wangu wa kawaida ni madumu 15 ya lita 20, mengi kwenye buti na yaliyobaki kwenye kiti cha nyuma.

Tangu mvua zilizopita gari limechoka. Mbele upande wa kulia linagonga kok-kok kwenye mashimo madogo madogo, hasa nikienda polepole. Nikivuka tuta linanesa mara tatu au nne ndipo linatulia. Nyuma limekaa chini hata likiwa tupu. Tairi zote mbili za mbele zimeliwa kwa ndani. Shokapu ya nyuma kushoto imelowa mafuta.

Nimenunua shokapu nne mpya Dar, zimefika kwa basi na bado ziko kwenye maboksi. Fundi wa gereji moja hapa mjini anasema atazifunga kwa nusu siku. Hana kibano cha springi, hivyo watu wawili wanaikalia springi na yeye anaifunga kwa waya. Anataka pia kuweka raba katikati ya springi za nyuma ili gari linyanyuke, na spesa (kipande cha kuinulia gari) mbele. Jirani yangu anasema nibadilishe ile inayovuja tu na nyingine nizitunze.

Mdogo wangu amesoma ufundi wa magari VETA. Tuna jeki iliyokuja na gari na boksi spana. Je, kazi hii tunaweza kuifanya wenyewe nyumbani? Na hizo raba na spesa niziweke?

Mwenye Corolla, Gungu

JIBU

Ndugu yetu wa Gungu, asante kwa kutueleza dalili moja moja. Tuanze na waya, maana hapo ndipo mtu anaweza kupoteza jicho, vidole au maisha.

Corolla yako ikiwa tupu ina uzito wa karibu tani moja, na zaidi ya nusu ya uzito huo uko mbele. Kila springi ya mbele inashikilia zaidi ya kilo 250 gari likiwa limesimama tu. Ukiliinua gari, springi inarefuka lakini haimalizi kurefuka. Bado imebanwa kati ya kiti cha chini kilichochomelewa kwenye shokapu na kiti cha juu kinachozuiwa na nati moja, ile ya katikati. Kinachoizuia isifyatuke ni nati hiyo peke yake. Waya nao unateleza juu ya chuma cha mviringo, na unakatika pale unapokunjwa. Hata usipokatika, hebu fikiria namna ya kuufungua baada ya kuweka shokapu mpya: hauwezi kulegezwa kidogo kidogo, ni lazima ukatwe, na ukikatwa springi inafunguka yote kwa mpigo mmoja huku mikono yenu iko juu yake. Mwambie fundi huyo hapana, kwa heshima, hata kama ameifanya kazi hiyo miaka mingi bila kuumia.

Nyumbani mnaweza kufanya sehemu kubwa. Toeni shokapu ikiwa nzima pamoja na springi yake na maunti yake ya juu (kiti chenye raba kinachoishika shokapu kwenye bodi), bila kuigusa nati ya katikati. Ibebeni ilivyo mpaka kwa fundi mwenye kibano halisi cha springi, ahamishie springi kwenye shokapu mpya, kisha mrudi nayo kuifunga. Gari libaki juu ya stendi nyumbani. Mkipata vibano viwili vizuri vya kuazima, kazi yote inaweza kufanyika uani, na chini tutaeleza namna yake.

Lakini kabla ya kufungua hata bolti moja, tafuteni hasa kinachogonga. Tunaandika hivi kwa kusisitiza kwa sababu watu wengi hununua shokapu nne, wakazifunga, na kelele ikabaki palepale. Shokapu iliyokufa dalili yake kubwa ni kunesa, kama unavyoeleza kwenye tuta. Mlio wa kok-kok kwenye mashimo madogo, tena kwa mwendo mdogo, mara nyingi unatoka kwenye kitu kilicholegea: maunti ya juu, linki ya stablaiza (kiunganishi cha fito inayozuia gari kulala kwenye kona), bushi (raba) za wishiboni, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, au bol jointi, kiungo kati ya mkono huo na gurudumu. Shokapu mpya haiwezi kuponya hata kimoja kati ya hivyo.

Jaribu hivi. Gari likiwa chini, mdogo wako azungushe usukani kushoto na kulia taratibu, nawe uweke kiganja juu ya koili ya springi ya mbele kulia, kiganja tu, vidole visiingie katikati ya koili. Springi nzuri inazunguka kwa ulaini pamoja na gurudumu. Ukisikia inakwama kisha inaruka kwa mlio wa "tong", beringi ya maunti ya juu imekufa. Halafu fungua boneti na uangalie maunti pale juu wakati mdogo wako anabonyeza kona ya gari: raba ikipanda na kushuka mbali na chuma chake, imeachia.

Liinue gari mbele na uliweke juu ya stendi. Shika tairi kwa juu na chini ulitikise: likicheza, tazama bol jointi na beringi ya gurudumu. Lishike kushoto na kulia: likicheza, ni tai rodi endi au raki endi, yaani viungo vya usukani. Kisha chomeka mtaimbo mfupi kati ya wishiboni na fremu, usukume mbele na nyuma. Bushi nzima inarudi yenyewe kama raba inavyorudi. Iliyokwisha inakwenda na kubaki, na mara nyingi unaona mpasuko umezunguka raba yote. Linki ya stablaiza ishike kwa mkono uitikise kwa nguvu. Mlio wake mdogo unafanana kabisa na ule unaousikia barabarani.

Tairi zako nazo zinasema jambo. Shokapu iliyokufa hula tairi kwa mabonde mabonde, ukipitisha kiganja unahisi linapanda na kushuka. Kuliwa kwa ndani pekee, tena pande zote mbili, kunatokana na mpangilio wa magurudumu kuharibika, na bushi zilizokwisha ni sababu kubwa. Kwa hiyo tunatarajia mtakuta bushi za wishiboni zimechoka. Nunueni kabla ya kufungua gari. Kusubiri mzigo wa Dar huku gari liko juu ya stendi si jambo jema.

Sasa ushauri wa jirani. Shokapu hubadilishwa kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma. Ukiweka mpya kushoto na kuacha ya zamani kulia, upande mmoja unatulia mara moja na mwingine unaendelea kunesa, na gari linaweza kuyumba ukifunga breki kwenye barabara mbovu au ukikata kona na mzigo. Kwa kuwa umenunua nne na gari linanesa mara tatu hadi nne, weka zote. Kuhusu mafuta: unyevu mwembamba kama jasho karibu na sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) si tatizo kubwa. Lakini shokapu iliyolowa mpaka vumbi jekundu la barabara limegandamana kuwa tope zito, hiyo imemaliza mafuta yake.

Jambo ambalo pengine hukulitarajia ni hili: shokapu mpya hazitainua nyuma ya gari lako. Uzito wa gari unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya kukanyaga shimo, basi. Gari linalokaa chini likiwa tupu lina springi zilizolegea au zilizokatika.

Pima. Gari likiwa tupu kwenye sehemu tambarare, na tairi zikiwa na upepo sawa, chukua futi ya kupimia na upime kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kila gurudumu. Ukipima kutoka ardhini utadanganywa na tairi. Tofauti ya zaidi ya milimita 15 kati ya kushoto na kulia ni ishara ya springi iliyochoka au kukatika. Angalia hasa koili ya chini kabisa, pale inapokaa kwenye kiti chake. Tope la mvua linatuama hapo, kutu inakula, na springi hukatika kipande cha mwisho ambacho huwezi kukiona mpaka usafishe kwa brashi ya waya.

Kwenye Corolla 110 springi imevaa juu ya shokapu mbele na nyuma. Maana yake springi za nyuma zitatoka tu siku ya kubadilisha shokapu, utake usitake. Siku hiyo ndiyo ya kuweka springi nyingine, kwa sababu kazi ni ileile. Ukinunua za mtumba, zisimamishe mbili pamoja juu ya saruji: urefu uwe sawa, idadi ya koili sawa, unene wa waya sawa. Toyota huziwekea springi zake alama za rangi kutofautisha ugumu, kwa hiyo alama nazo zifanane.

Na raba za katikati ya springi? Hapana. Raba ile inafunga koili moja isifanye kazi, hivyo springi inabaki na koili chache za kucheza. Gari linanyanyuka kweli na linakuwa gumu, lakini koili za jirani zinabeba kazi ya ile iliyofungwa. Mchanga nao unaingia kati ya raba na chuma, unakwangua rangi kila gari linapotikisika, kutu inaanza, na springi inakuja kukatikia palepale.

Spesa za mbele zina ubaya mwingine. Ikikaa juu ya maunti, gurudumu linaning'inia chini zaidi ya lilivyopimiwa kila linapoingia shimoni, na sivi jointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu), bol jointi na mpira wa breki vyote vinavutwa. Ikikaa chini ya springi, shokapu inabaki karibu na mwisho wake wa juu na kugonga kila gari linaporuka. Kwa namna zote mbili shafti inakaa kwa pembe kali, mpira wa sivi jointi unapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia. Mpangilio wa magurudumu nao unahama. Gari lako tayari linakula tairi kwa ndani. Usiliongezee.

Tuseme pia kuhusu mawese, kwa sababu mzigo ndio uliokufikisha hapa. Lita moja ya mawese ina uzito wa karibu kilo 0.9. Dumu la lita 20 pamoja na plastiki yake ni kama kilo 19. Madumu 15 ni kilo 285. Ongeza wewe na mdogo wako, tuseme kilo 140, jumla kilo 425. Gari la saluni la watu watano limeundwa kubeba karibu kilo 400 kwa jumla, dereva akiwemo. Kwa hiyo mmeshavuka kidogo, tena uzito mwingi uko kwenye buti, nyuma ya ekseli. Mzigo ukikaa huko unafanya kama mzani: unakandamiza nyuma na kuinua mbele, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapoteza mshiko. Punguzeni yawe madumu 12, na nusu yake yakae sakafuni nyuma ya viti vya mbele, yakiwa yamefungwa kamba.

Twende kwenye kazi yenyewe.

Fungueni maboksi leo, si siku ya kazi. Shokapu za Corolla hii zina kulia na kushoto, kwa sababu ya kishikizo cha mpira wa breki. Stika itakuwa na herufi R (kulia) au L (kushoto). Nambari iliyo kwenye stika ilingane na gari lenu. Pimeni umbali kati ya matundu mawili ya chini, mlinganishe na ya zamani kwa kuchungulia chini ya gari. Nunueni pamoja nazo maunti za juu, raba za kuzuia shokapu isigonge mwisho na makava ya vumbi. Raba za viti vya springi nazo zikiwa zimeliwa, chukueni mpya. Kurudisha shokapu mpya ndani ya gari kwa kutumia kava lililopasuka ni kuipa vumbi iisage sili yake.

Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi tu. Mtahitaji jeki ya magurudumu na stendi mbili za chuma. Msitumie tofali. Tofali la kuchoma linabeba uzito vizuri likiwa limejengewa ukutani, lakini likibanwa sehemu moja na chuma linapasuka bila kutoa onyo. Gungu na Mwanga zina miteremko mingi, kwa hiyo kama uwanja wenu hauko tambarare, peleka gari penye tambarare kwanza. Chini ya kila stendi weka ubao mnene, maana udongo ulionyeshewa unazama. Soketi 14, 17 na 19 zitafanya karibu kila kitu, pamoja na bomba la kuongezea urefu wa mpini, brashi ya waya, chaki, waya wa kufungia na miwani ya kazi. Spana ya torque (inayopima nguvu ya kukaza) mkiweza kuazima, azimeni.

Usiku wa kuamkia siku ya kazi, safisha bolti za chini kwa brashi na uzinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu. Rudia asubuhi. Bolti iliyonyunyiziwa mara mbili inatoka, lakini iliyolazimishwa ikiwa kavu inavuliwa kichwa.

Anzeni mbele. Legezeni nati za magurudumu nusu mzunguko gari likiwa chini. Hendibreki juu, kabari nyuma ya tairi za nyuma, ndipo muinue gari na kuliweka juu ya stendi. Tairi lililotoka lilazeni chini ya ubavu wa gari, ili stendi ikiteleza gari liangukie tairi badala ya mtu. Fanyeni upande mmoja mpaka uishe, wa pili ubaki kama kielelezo.

Piga chaki kuzunguka mahali shokapu inapokutana na chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), na kwenye vichwa vya bolti zote mbili. Matundu yana nafasi kidogo, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua gurudumu linasimama wima au linalala. Fungua kishikizo cha mpira wa breki, na waya wa ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) kama upo. Weka jeki chini ya wishiboni, uiinue mpaka iguse tu. Sasa shika kichwa cha bolti na spana moja, uzungushe nati na nyingine. Nati ikitoka, gonga bolti kwa nyundo juu ya kipande cha mbao, usigonge chuma kwa chuma, maana meno yatavimba.

Kabla ya kuvuta bolti ya pili, funga chuma cha habu kwa waya kwenye bodi. Hapa ndipo waya una kazi yake. Kikiachiwa kianguke nje, mpira wa breki unabeba uzito usio wake, na sivi jointi ya ndani inaweza kuchomoka ndani ya mpira wake bila nyinyi kujua, kisha mkaigundua barabarani.

Mwisho kabisa nendeni juu, chini ya boneti. Kuna nati tatu zinazozunguka maunti na moja ya katikati. Fungueni zile tatu tu. Mmoja ashike shokapu kutoka chini wakati mwingine anatoa nati ya tatu, kwani ni nzito na inashuka ghafla. Ile ya katikati isiguswe na spana wala kwa kujaribu tu, mpaka springi iwe ndani ya kibano.

Mkiifanya kazi ya springi wenyewe, vibano viwe viwili, vikae pande zinazotazamana, na kila kimoja kishike koili nne au tano. Pakeni grisi kwenye nyuzi zake. Kazeni mizunguko mitatu upande mmoja, mitatu upande mwingine, kwa mkono, bila mashine ya upepo. Springi ikianza kupinda kama ndizi, mmekaza upande mmoja zaidi. Rudisheni, mpange upya. Mnajua imetosha pale springi inapozungushika kwa mkono kwenye kiti chake. Hapo ndipo nati ya katikati inafunguliwa, ncha za shokapu zikielekea ukutani, pasiwe na uso wa mtu mbele wala nyuma yake.

Shokapu mpya isimamisheni wima, msukume fimbo yake chini mpaka mwisho na kuivuta juu mara nne au tano. Hiyo inatoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ilipokuwa imelazwa safarini. Fimbo ikiwa na mruko mtupu mwanzoni kisha ikawa nzito sawasawa, ni nzima. Vaa raba ya kuzuia na kava, shusha springi, na uhakikishe ncha ya koili ya chini imefika kwenye kikomo cha kiti chake. Ikiwa nje ya kikomo, springi itajizungusha yenyewe barabarani na mlio wake utawachosha. Kiti cha juu kikiwa na alama ya OUT, alama hiyo itazame nje ya gari.

Kosa linaloua shokapu nyingi mpya liko hapa. Fimbo inazunguka pamoja na nati, na mtu anaishika kwa plaizi. Fimbo ile inang'aa kwa sababu lazima iteleze ndani ya sili bila kuacha tone. Mkwaruzo mmoja mnaousikia kwa ukucha utaichana sili, na baada ya wiki chache shokapu mpya inavuja. Shikeni ncha ya fimbo kwa alenki (spana ya pembe sita), au kwa spana pale ilipochongwa bapa. Nati iwe mpya, ya kujifunga. Kwa Corolla za umri huu hukazwa karibu Nm 47 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na zile tatu za juu karibu Nm 39. Hizi tatu ni ndogo, zikilazimishwa kwa bomba refu zinakatika.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa: nati tatu za juu kwa mkono kwanza, kisha bolti za chini, alama za chaki zikutane, ndipo mkaze. Bolti za chini zinataka nguvu kubwa, kuanzia Nm 150 kwenda juu kutegemea toleo, hivyo tumieni namba ya kitabu cha gari lenu. Mpira wa breki usiwe umejisokota. Geuzeni usukani mwisho kushoto na mwisho kulia mkiutazama kama haugusi tairi.

Nyuma kazi ni ileile, ila nati za juu zinafikiwa kutoka ndani, baada ya kutoa mgongo wa kiti na kifuniko cha nyuma yake. Chini huko kuna fito zenye bushi. Mkizilegeza, au mkibadilisha bushi za wishiboni za mbele, msizikaze za mwisho gari likiwa limening'inia. Raba ya bushi imegandishwa kwenye bomba la chuma ndani yake; mkiikaza magurudumu yakiwa chini, gari likishuka raba inabaki imesokotwa muda wote na inapasuka mapema. Kazeni kiasi tu, shusheni gari kwenye tairi zake, mlibonyeze mara kadhaa likae, ndipo mkaze kabisa. Watu wengi wanalaumu bushi kuwa feki wakati zilikazwa vibaya.

Nati za magurudumu zikazwe kwa mtindo wa nyota, Nm 103, gari likiwa chini.

Mkimaliza, magurudumu ya mbele yatakuwa yamehama kidogo, hata chaki ikiwa sahihi, kwa sababu kimo cha gari kimebadilika. Alaimenti (kupanga magurudumu) ya mashine ni ya lazima, hasa kwa tairi zilizoliwa namna hiyo. Ila kabla ya kufika kwenye mashine mnaweza kulipima. Usukani unyooke, gari lisukumwe mbele mita chache lisimame lenyewe. Inueni kila tairi la mbele, mlizungushe huku msumari uliotulia ukichora mstari katikati ya kashata (meno) za tairi. Shusheni, mlibonyeze, mlisukume tena kidogo. Pimeni umbali kati ya mistari miwili upande wa mbele wa tairi, kwa kimo cha katikati ya rimu, kisha upande wa nyuma kwa kimo kilekile. Mbele kuwe sawa na nyuma au kufupi kwa milimita 1 hadi 2. Mbele kukiwa kurefu, magurudumu yanatazama nje na tairi zitaendelea kuliwa kwa ndani. Marekebisho yanafanywa kwenye tai rodi, kushoto na kulia kwa kiasi sawa.

Endesheni kwanza bila mzigo, kwenda na kurudi Mwandiga panatosha. Mkisikia "tok" moja kila mnapogeuza usukani, rudini kwenye koili ambayo haikufika kikomo. Mlio wa kugonga unaofuata kila shimo mara nyingi ni nati ya katikati haikukazwa. Baada ya kilomita 100, kazeni tena nati za magurudumu na bolti za chini kabla ya safari ya kwanza ya Ilagala.

Zile shokapu kuukuu mkiwapa wanunuzi wa vyuma chakavu, waambieni kuwa huenda zina gesi ndani. Zisichomwe moto wala kukatwa kwa mashine ya gesi zikiwa zimefungwa.